Wahesabu Mapanga

Kariakoo ina wataalamu wa kila jambo, na wengi wao ni wataalamu kwelikweli. Nimemwona fundi wa Mtaa wa Mchikichi akiifufua redio ambayo mwenyewe alikwisha kuikatia tamaa, na nimemwona mama muuza vitenge akipiga hesabu ya fedha za nchi tatu kichwani kabla karani wa benki hajaitafuta kalamu. Kwa hiyo ninapoandika haya nisihesabiwe miongoni mwa wanaoidharau elimu ya barazani. Ninachokishambulia ni imani moja tu, ambayo imezunguka kutoka Gerezani hadi Jangwani na kurudi, na watu wazima wenye akili zao wanaiamini: kwamba ubora wa pangaboi ni wingi wa mapanga yake. Mawili ni ya kizamani, matatu ni afadhali, manne ni ya watu wenye uwezo, na matano, kama alivyoniambia kijana mmoja wa duka la vifaa vya umeme karibu na Mtaa wa Msimbazi, "mzee wangu, hayo ni kiboko."

Kijana yule alikuwa akiniuzia feni ya darini, nami nisingepoteza wino kwa ajili ya feni. Mtu akitaka feni ya mapanga matano yenye taa na mikufu miwili, fedha ni zake. Lakini imani hiyohiyo imepanda kutoka darini ikaenda hadi puani mwa ndege, na huko imeshamdhuru mtu ninayemfahamu.

Kwanza neno lenyewe. Kamusi zinatupa rafadha, kwa kile kinachozunguka kwenye ndege na kwenye meli vilevile. Ni neno zuri ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa sokoni. Mtaani ni pangaboi, liwe juu ya kitanda au mbele ya rubani. Panka tulilipata kutoka Kihindi, na huko zamani, kabla ya umeme, panka lilikuwa kitambaa kipana kilichoning'inizwa darini, na kijana akakaa pembeni akilivuta kwa kamba mchana kutwa ili bwana mkubwa apate upepo. Sioni asili nyingine ya pangaboi letu isipokuwa huyo boi wa panka. Ndani ya neno hili, basi, hamna panga lolote. Lakini sikio letu limesikia panga, na mtu akishasikia panga anaona silaha, na mwenye silaha tatu humshinda mwenye mbili. Nadhani nusu ya ubishi wote huu imezaliwa na sikio. Hata hivyo nitaendelea kuyaita mapanga, kwa kuwa ndivyo tunavyosema.

Sasa habari ya mtu niliyemtaja. Ni jirani yangu, mzaliwa wa Mafia, mfanyabiashara wa nazi na samaki wakavu hapa sokoni kwa miaka mingi. Alipofiwa na kaka yake mkubwa huko Kilindoni, habari ilimfikia alfajiri, na maziko yalipangwa baada ya swala ya alasiri. Mpwa wake alihangaika akampatia kiti katika ndege ndogo ya viti vinne iliyokuwa ikienda Mafia asubuhi ileile. Safari hiyo ni ya chini ya saa moja. Jirani yangu alifika uwanjani, akaiona ndege, akahesabu mapanga, akakuta mawili. Akarudi nyuma. Alikwishaambiwa barazani, na mtu anayemheshimu, maneno haya: ndege ya mapanga mawili usipande, kwa sababu moja likikatika limebaki moja, lakini ya matatu, moja likikatika yanabaki mawili na mtafika. Akachukua gari hadi Mbagala, basi hadi Nyamisati, akalala huko akisubiri chombo, akavuka bahari siku ya pili. Alikuta kaburi.

Ndugu msomaji, tulichukue neno hilo la barazani tulipime, kwa kuwa lina sura ya busara. Linasema mapanga ya ndege ni kama matairi ya lori: ukiwa na ya ziada umejikinga. Sivyo hata kidogo. Pangaboi linalozunguka mara 2700 kwa dakika linalivuta kila panga lake kwenda nje kwa nguvu ya kati ya tani 10 na 20. Fikiria lori la Fuso lililojaa viazi vya Njombe, linaning'inia kwenye kila panga muda wote ndege iko hewani. Maadamu mapanga yako sawasawa, mizigo hiyo inavutana, huku na huku, na mhimili wa katikati unakaa kwa amani. Sasa likatike panga moja. Upande mmoja umeachwa na mvuto wa tani zote zile usio na wa kuujibu, na mvuto huo unazunguka mara 45 kwa kila sekunde. Injini hutikiswa kwa nguvu inayoweza kuing'oa kwenye vikalio vyake, na rubani ana muda mfupi mno wa kuizima. Hali ni hiyohiyo kwa mapanga mawili, kwa matatu, na kwa sita. Hakuna la akiba. Tena ukitaka kubishana kwa mantiki ileile ya barazani, mwenye mapanga matatu ana mahali patatu panapoweza kukatika, na mwenye mawili ana pawili tu.

Kitakachowashangaza wahesabuji ni kwamba panga moja linaweza kurusha ndege. Katika miaka ya 1930 huko Marekani palitengenezwa pangaboi lililoitwa Everel, lenye panga moja tu upande mmoja, na upande wa pili kipande kizito cha chuma cha kulisawazisha. Lilifungwa kwenye ndege ndogo aina ya Cub, na likaruka. Halikuenea, lakini liliruka. Kinachotakiwa ni usawa.

Kwa nini basi mtu aweke matatu, au manne? Hapa ndipo penye utamu, na ningependa tusiharakishe.

Panga la ndege ni bawa linalozunguka. Lina mgongo uliobinuka kama bawa, limesokotwa kutoka shinani hadi nchani, na linaivuta ndege mbele kwa njia ileile ambayo bawa huinyanyua juu. Na kanuni ya mabawa imejulikana tangu mwanzo: ni nafuu kusukuma hewa nyingi polepole kuliko kusukuma hewa kidogo kwa haraka. Kwa hiyo mhandisi angeachiwa afanye apendavyo, angeweka mapanga machache, marefu, yazungukayo taratibu. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walipoirusha ndege yao mwaka 1903, walitumia mapangaboi mawili, kila moja lenye mapanga mawili ya mbao na kipenyo cha zaidi ya mita 2 na nusu, na yalifanya kazi vizuri kiasi cha kuwashangaza wahandisi wa siku hizi walioyapima upya. Zamani hizo ndege zilikuwa na mabawa mawili yaliyopandana, hata matatu. Kama wingi ungekuwa ndio ubora, leo tungekuwa na ndege za mabawa kumi kama ngazi. Ngalawa inavuka kwenda Kigamboni kwa tanga moja, na sijamsikia nahodha akiombea la pili.

Urefu wa panga, hata hivyo, una mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni ardhi, nitaurudia. Wa pili ni sauti. Tuchukue Cessna 172, ndege ndogo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 40,000 tangu mwaka 1956. Pangaboi lake la mapanga mawili lina kipenyo cha karibu mita 1.9. Kwa hiyo ncha ikizunguka mara moja imetembea mita 6. Kwa mizunguko 45 kila sekunde, imetembea mita 270. Ncha hiyo ingetoka sokoni Kariakoo ikafika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere kabla dakika haijaisha. Na sauti, katika joto letu la Dar es Salaam, husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ncha ya panga ikiukaribia mwendo huo, hewa hukataa kupita kwa utulivu, nguvu nyingi hupotea, na kelele hupasua masikio. Cessna 206, ambayo ni punda wa viwanja vya vumbi Afrika Mashariki yote, huzungusha pangaboi lake la mita 2 mara 2850 kwa dakika wakati wa kuruka, na ncha zake hupita mita 300 kwa sekunde. Ndiyo maana watu wa Ilala na Kariakoo, wanaoishi chini ya njia ya ndege, huitambua bila kuangalia juu.

Sasa mhandisi ana injini yenye nguvu kubwa zaidi. Panga analo, lakini hawezi kulirefusha kwa sababu ya ardhi na sauti. Nguvu hiyo aipeleke wapi? Anaongeza panga la tatu. Hana njia nyingine iliyo rahisi. Idadi ya mapanga, kwa sehemu kubwa, inakuambia ukubwa wa injini iliyo nyuma yake, kama idadi ya ekseli inavyokuambia uzito wa lori. Hakuna anayesema Fuso ni bora kuliko teksi kwa kuwa ina magurudumu mengi zaidi.

Historia ya anga yetu wenyewe inaonyesha hivyo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza mwaka 1946 lilikuwa na ndege za Dragon Rapide, injini mbili za nguvu farasi 200 kila moja, mapanga mawili. Likaja na Dakota, nguvu farasi 1200 kwa kila injini, mapanga matatu. Zikafuata Fokker Friendship, karibu nguvu farasi 2000, mapanga manne, na baada ya mwaka 1977 ATC iliendelea kuzirusha Fokker hizo pamoja na Twin Otter za mapanga matatu. Bombardier Q400 zilizonunuliwa na serikali kuanzia mwaka 2016 zina nguvu farasi zaidi ya 5000 kwa kila injini, na mapanga sita. Waingereza wana mfano ulio wazi zaidi, kwa kuwa ni wa ndege moja. Spitfire ilipoingia jeshini mwaka 1938 ilikuwa na injini ya takriban nguvu farasi 1000 na pangaboi la mbao la mapanga mawili. Likaja la matatu, likaja la manne, na vita vinaelekea kuisha, injini ikiwa imevuka nguvu farasi 2000, lilikuwa la matano. Kipenyo hakikuongezeka sana, maana magurudumu yalikuwa yaleyale na ardhi ileile. Nguvu ndiyo iliyodai.

Kwa hiyo ukiifunga ndege ya nguvu farasi 160 mapanga matatu, umeifanyia nini? Injini haikuongezeka hata kidogo. Umeongeza bawa la tatu linalosuguana na hewa, umeongeza kilo kadhaa puani, na umeongeza gharama ya kununua na ya kutunza. Mara nyingi ndege hiyo huruka na kupanda vizuri kidogo, na ikishafika juu haiendi kasi zaidi ya ile ya mapanga mawili. Pengine huachwa nyuma kidogo.

Sitaki kuwadhulumu wa upande wa pili. Wanazo hoja, tena nzuri, ila si zile za barazani. Ya kwanza ni ardhi. Mapanga matatu yanaweza kuwa mafupi kuliko mawili na bado yakala nguvu ileile, na ufupi huo ni akiba halisi kwa rubani anayetua kwenye viwanja vya changarawe kama vile vya ndani ya Ruaha na Serengeti, ambako kila jiwe linalofyonzwa kutoka chini huliacha panga na pengo. Ya pili ni mtetemo. Pangaboi la mapanga mawili lina tabia ya pekee: ndege inapogeuka, ukinzani wake hubadilika kufuatana na mapanga yamesimama wima au yamelala, kwa hiyo hutikisa mhimili mara mbili kwa kila mzunguko. La matatu halina tabia hiyo, kwa kuwa daima lina panga karibu na kila upande. Ndiyo sababu moja ya mitambo ya upepo ya karibu na Ziwa Turkana huko Kenya, yote 365, kuwa na mapanga matatu. Ya tatu ni kelele. Ncha fupi huenda polepole zaidi, na mapigo ya hewa yakigawanywa kwa mapanga matatu kila pigo huwa dogo. Abiria wa ndege ndogo iliyobadilishiwa pangaboi atakuambia kwamba sasa anaweza kuzungumza. Hata hoja ya uzito inajibika, maana yako mapangaboi ya mbao na nyuzi yenye mapanga matatu ambayo ni mepesi kuliko ya alumini yenye mawili.

Hizo ni hoja za mtu anayejua ndege yake inakwenda wapi na imebeba nini. Siku mtu wa baraza atakaponiambia, "Mimi nataka matatu kwa sababu uwanja wa kwetu una mawe," nitamwagizia kahawa na kashata. Lakini yeye anasema matatu ni mengi kuliko mawili, basi. Hiyo ni kuhesabu, na kuhesabu si kufahamu.

Tena wanaacha kuhesabu jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni pembe. Panga linaweza kulalia hewa kwa kina kidogo au kingi, kama jembe linavyoweza kuparuza au kuzama. Pembe ndogo ni gia namba moja: ndege inaruka upesi kutoka uwanja mfupi lakini haina mbio juu. Pembe kubwa ni gia ya mwisho. Kwenye Cessna 172 ya kawaida pembe imefungwa kiwandani, haibadiliki, na ni suluhu tu kati ya kuruka na kusafiri. Kwenye 206 na Caravan, rubani ana mkono wa kuibadilisha akiwa hewani. Mapanga mawili yenye pembe inayobadilika yatayashinda matatu ya pembe iliyofungwa karibu katika kila jambo ambalo msafiri angelitaka. Nenda Feri ukawaulize wenye boti. Wanajua kwamba boti ya kubeba mzigo na boti ya kukimbia hazifungwi rafadha moja, ingawa zote ni za mapanga matatu na kwa macho zinafanana.

Na kuna mwendo wa mzunguko. Caravan, ambayo siku hizi ndiyo inayowapeleka watu wengi Mafia na Zanzibar, ina injini ya nguvu farasi 675 na pangaboi la mapanga matatu lenye kipenyo cha karibu mita 2.7. Kwa kulitazama ungedhani ncha zake zinapasua hewa kuliko za ile ndege ndogo. Sivyo. Ndani ya injini mna gia zinazopunguza mwendo, na pangaboi halipiti mizunguko 1900 kwa dakika. Piga hesabu utapata mita 268 kwa sekunde, sawa na ile Cessna ya viti vinne. Mhandisi mmoja alikuwa na nguvu kidogo, mwenzake alikuwa na nguvu mara nne, na wote wawili wakasimama mahali palepale, mmoja kwa mapanga mawili na mwingine kwa matatu, kwa sababu hewa ni ileile. Kwangu mimi hilo ni jambo la kupendeza kama dari la soko letu, lile la miamvuli ya zege alilolichora Beda Amuli, lililojengwa kukinga jua na kukusanya mvua. Hakuna aliyesimama chini yake akauliza kwa nini miamvuli haikuongezwa.

Nirudi kwenye hatari, maana ndiyo iliyomrudisha nyuma jirani yangu. Wahesabu mapanga wanapoteza woga wao mahali pasipostahili, na woga ni mali. Ukiutumia vibaya unakosekana mahali unapotakiwa. Anayetaka kulikagua pangaboi kabla ya kupanda ndege asihesabu. Asogee, kwa ruhusa ya rubani, aangalie ukingo wa mbele wa kila panga. Kama kuna pengo lililopigwa na jiwe, aulize. Pengo dogo kama punje ya mchele, likiachwa, linaweza kuzaa ufa, na ufa ukavutwa na zile tani nilizozitaja mpaka chuma kichoke. Fundi mwenye cheti hulisawazisha pengo kwa tupa laini, akalipa umbo la mteremko, likaisha. Ni kazi ya muda mfupi, na ni tofauti kati ya uhai na mauti. Kisha aulize pangaboi lilifunguliwa lini mara ya mwisho likakaguliwa ndani, kwa kuwa watengenezaji huweka ukomo wa saa za kuruka na wa miaka, wowote utakaotangulia. Panga moja lililotunzwa linashinda matatu yaliyopakwa rangi. Kwenye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo vijana wetu wanasomea ufundi wa ndege, na mambo haya ni somo lao la kila siku. Wanayasoma kwa Kiingereza, na yakivuka barabara kuja Kariakoo yanafika yamebaki namba tu: mawili, matatu, matano. Sisi wenye Kiswahili tunalo neno rafadha, tuna pembe, tuna ncha, tuna ufa, tuna uchovu wa chuma. Hakuna kilichopungua katika lugha hii cha kumweleza mfanyabiashara wa nazi kwa nini ndege yake iko salama.

Lakini hatari kubwa zaidi haiko hata kwenye pangaboi. Iko kwenye mizani. Nimesimama katika jengo la kwanza la abiria, lile la zamani linalotumiwa na ndege ndogo, nikatazama watu wa kwetu wakipimwa pamoja na mizigo yao. Ndege ndogo hupimwa kwa kilo, na mahali kilo zilipokaa, mbele au nyuma, ni muhimu kama kilo zenyewe. Nikamwona mama mmoja akimkabidhi mwanawe mfuko wa kilo kama kumi ausimamie mbali na mizani, kisha aukabidhiwe tena mlangoni. Nikamwona bwana mmoja amevaa makoti mawili katika joto la Februari, mifuko imejaa vipuri vya pikipiki. Na bwana huyo, akisubiri kuitwa, alikuwa akiwaeleza wenzake kwa sauti kwamba yeye hapandi ndege ya mapanga mawili.

Tulimaliza hesabu hiyo majini, kwa gharama isiyosemeka. MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018. Mamia ya watu kila mara, na kila mara ikasemwa kwamba chombo kilibeba kupita kiasi. Sijasikia mtu aliyepona akisema rafadha ilikuwa na mapanga machache. Jirani yangu, aliyeikimbia ndege iliyokuwa imepimwa kwa kilo, alipanda kule Nyamisati chombo ambacho hakuna aliyemuuliza ana kilo ngapi. Alivuka salama, namshukuru Mungu. Nilipomweleza haya alinisikiliza kwa adabu, kama watu wa Mafia walivyo, kisha akasema, "Sawa, mwalimu, lakini ile ya matatu inatia moyo."

Hapo ndipo imani hii inapokuwa biashara. Namjua mwenye ndege mmoja ambaye aliondoa pangaboi la mapanga mawili lililokuwa halina kasoro, akafunga la matatu, la alumini, kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza. Hakunificha. Uwanja anaotua ni wa lami, injini ni ileile, na marubani wake hawakulalamikia mtetemo. Fedha alizotumia zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya kufungua injini mapema kuliko ukomo wake, jambo ambalo halikuwa la lazima kisheria, lakini fundi wake alikuwa amelishauri. Ushauri huo umeahirishwa. Abiria wameongezeka, wanapiga picha mbele ya mapanga matatu kabla ya kupanda. Na kwa kuwa pangaboi jipya ni zito kuliko la zamani, amepunguza kilo za mzigo anazomruhusu kila abiria, na anayezidisha analipia.